Mashahidi Wasioulizwa: Safari ya Mume na Mke katika Hadithi Mbili za Hemingway

Neno *safari* limekwenda mbali kuliko maneno mengi ya Kiswahili. Lilitoka katika Kiarabu, likakaa pwani kwa karne nyingi, likapanda bara pamoja na misafara ya wafanya biashara na wapagazi, na katikati ya karne ya 19 likaingia katika Kiingereza kwa kalamu za wasafiri kama Richard Burton. Lakini lilipofika huko halikubaki na maana yake yote. Kwa Mswahili, aendaye kijiji cha pili kumzika shangazi yake yu safarini, na aendaye Maka yu safarini. Hata afaye husemwa ya kuwa amefunga safari yake ya mwisho. Katika Kiingereza neno lilibanwa, likawa na maana moja tu: matembezi ya starehe katika pori la Afrika, hapo kwanza kwa bunduki, baadaye kwa picha. Safari ya namna hiyo ina tajiri anayelipa, ina kiongozi anayelipwa, na ina watu wengi wengine ambao majina yao aghalabu hayaandikwi.

Katika maandishi ya kubuni yaliyoieneza maana hiyo mpya duniani, hapana yaliyosomwa zaidi ya hadithi mbili fupi za Mmarekani Ernest Hemingway, zilizotoka zikifuatana mwaka 1936: *The Snows of Kilimanjaro* katika gazeti la *Esquire* mwezi wa Agosti, na *The Short Happy Life of Francis Macomber* katika gazeti la *Cosmopolitan* mwezi wa Septemba. Hadithi hizi zimekwisha kuchambuliwa mara nyingi huko Marekani na Ulaya. Wachambuzi wamebishana juu ya ushujaa, juu ya ndoa, juu ya mauti. Jambo moja limetazamwa kwa uchache, nalo lawahusu hasa wanafunzi wa Kiswahili: ya kuwa katika hadithi zote mbili, pembeni mwa mume na mke wanaogombana, kuna watu wanaosema Kiswahili, ambao wameona kila kitu. Makala haya yanakusudia kuuliza watu hao wamepewa kazi gani katika hadithi, na kama hukumu ya msomaji yaweza kusimama bila ya ushahidi wao.

Kwanza yafaa kueleza hadithi zenyewe, maana mifano yao yafanana sana. Katika kila moja yumo mume na mke, Wamarekani wenye mali, waliokuja Afrika ya Mashariki kwa mapumziko. Katika kila moja safari yenyewe imetegemewa kuwa dawa. Harry wa *The Snows of Kilimanjaro* ni mwandishi aliyeacha kuandika kwa sababu ya maisha ya anasa. Amekuja Afrika, mahali alipopata kuwa na furaha zamani, akidhani ya kuwa akisafiri bila ya starehe nyingi roho yake itayeyusha mafuta yaliyoizunguka. Francis Macomber na mkewe Margot wana sifa mbaya kidogo katika magazeti ya kwao: mara kwa mara husemwa ya kuwa wataachana, wala hawaachani, kwa kuwa mke ni mzuri mno mume hawezi kumwacha, na mume ana fedha nyingi mno mke hawezi kumkimbia. Safari yao imetangazwa kuwa njia ya kuyatia maisha yao viungo. Na katika kila moja ya hadithi hizi safari huharibika, na mume hufa.

Vyombo vyao ni vya magurudumu. Harry amekwama kwa sababu lori limeungua beringi, na mguu wake umeoza kutokana na mkwaruzo wa mwiba alioupata akijongea kuwapiga picha kuro. Amelala kitandani chini ya mti, tai wamekaa wakingoja, na ndege inayotazamiwa kuja kumchukua haijafika. Macomber yeye amepewa motokaa isiyo na milango na mwindaji wa Kizungu wa kuajiriwa aitwaye Robert Wilson. Siku ya kwanza ya hadithi Macomber amemkimbia simba aliyejeruhiwa. Usiku mkewe anakwenda katika hema ya Wilson. Asubuhi ya pili wanawafukuza nyati watatu kwa motokaa, na katika mbio hizo hofu ya Macomber inakatika kama homa. Muda mfupi baadaye anasimama imara mbele ya nyati aliyejeruhiwa. Mkewe, aliyekaa ndani ya motokaa, anapiga bunduki kumwelekea nyati yule, na risasi inampata mumewe kisogoni.

Je, alikusudia au alikosea? Hilo ndilo swali lililowashughulisha wachambuzi. Kwa miaka mingi wengi walimwona Margot kuwa mwuaji, wakifuata maneno ya Wilson, ambaye mwishoni anamsimanga kwa maneno makali. Mwaka 1955 Warren Beck alitokea kumtetea, akionyesha ya kuwa msimulizi mwenyewe amesema waziwazi ya kuwa Margot alimlenga nyati, na ya kuwa shutuma zote hutoka kinywani mwa Wilson, mtu ambaye hana haki ya kuwa hakimu. Tangu hapo ubishi haukwisha. Lakini pande zote mbili zimefanya kosa moja. Zimeijadili kesi kana kwamba mahali pale palikuwa na watu watatu tu: mume, mke na mwindaji. Hadithi yenyewe haisemi hivyo. Yuko Kongoni, mchukua bunduki mzee. Yuko mwenziwe, na yuko dereva. Tena Wilson mwenyewe, katika kumtuliza Margot baada ya risasi, anamwambia ya kuwa asiogope baraza ya uchunguzi, kwa sababu utakuwako ushahidi wa wachukua bunduki na wa dereva. Basi kwa maneno ya hadithi yenyewe, ukweli wa jambo hili umo mikononi mwa watu watatu wasemao Kiswahili. Ni ajabu ya kuwa katika ubishi wote ule ni nadra mtu kuuliza wangalisema nini.

Kwamba watu hawa wanaona na wanahukumu, Hemingway amelionyesha tangu mwanzo. Hadithi inafunguliwa saa ya chakula cha mchana, baada ya fedheha ya simba. Macomber amebebwa toka ukingoni mwa kambi mpaka hemani kwake, kwa shangwe, juu ya mabega ya mpishi, maboi, mchuna ngozi na wapagazi. Wachukua bunduki hawakushiriki. Jambo hili limesemwa kwa sentensi moja fupi, na msomaji bado hajajua kilichotokea. Lakini mtu aliyekaa na wawindaji, au aliyekaa katika nyumba yo yote yenye watumishi, atafahamu mara moja. Waliobaki kambini wanashangilia kwa sababu hawakuona, au kwa sababu shangwe ni sehemu ya mshahara wao. Waliokwenda porini wamenyamaza kwa sababu waliona. Kunyamaza kwao ndiko kunakotangulia kumpasha msomaji habari. Waswahili husema ya kuwa kimya kingi kina mshindo mkubwa, na hapa hadithi nzima imejengwa juu ya kimya hicho.

Punde boi mmoja anamtazama Macomber usoni kwa udadisi, naye Wilson anamkemea kwa Kiswahili. Macomber anauliza ameambiwa nini. Wilson anajibu ya kuwa amemtisha kwa viboko kumi na vitano, kisha anakiri ya kuwa sheria hairuhusu kupiga, bali kutoza faini, na ya kuwa watu wenyewe hupendelea viboko kuliko kukatwa mshahara. Hapa panastahili kutazamwa sana. Mtu huyu anayehukumu kila mmoja katika hadithi amekwisha kukubali kuwa mvunja sheria kabla ya chakula kwisha. Tena Kiswahili kimeingia katika hadithi kama ukuta: kwacho Wilson anasema jambo mbele ya wageni wasilolifahamu, na boi analifahamu. Kwa muda huo mfupi wanaojua ni Wilson na boi. Macomber na mkewe, wenye kulipa, ndio walio nje. Kilichompata boi ni vitisho kwa sababu ya kutazama tu. Katika kambi hii kutazama ni kosa, maana atazamaye aweza kushuhudia.

Kosa la pili la Wilson ni lile la motokaa. Kuwafukuza wanyama kwa motokaa kulikuwa kunakatazwa, na Margot, ambaye ni mwepesi wa akili kuliko waume wale wawili, analitambua upesi. Anauliza kutakuwaje habari hizi zikifika Nairobi, na Wilson anajibu ya kuwa atanyang'anywa leseni yake na kazi itakwisha. Macomber anacheka akisema sasa mkewe ana kitu cha kumshikia mwindaji. Wachambuzi waliomtetea Margot wameitumia sehemu hii kuonyesha ya kuwa Wilson ana sababu yake ya kumtia Margot hatiani: akimshika kwa tuhuma ya kuua, naye atanyamaza juu ya motokaa. Hoja hiyo ni njema, lakini yaweza kwenda mbele zaidi. Waliokuwamo katika motokaa si hao watatu peke yao. Dereva ndiye aliyeiendesha, na wachukua bunduki walikuwamo pamoja nao. Wakiitwa mbele ya baraza kueleza habari za risasi, itawapasa waeleze pia walifikaje mahali pale. Ushahidi ambao Wilson anamwahidi Margot ndio uwezao kumwangusha Wilson mwenyewe. Naye anautaja bila ya hofu yo yote. Kwa nini? Kwa kuwa ana hakika ya kuwa watasema atakayo waseme. Viboko vile kumi na vitano vimetajwa mwanzoni mwa hadithi, na nguvu yake yaonekana mwishoni.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiingereza hulipita, bali msikilizaji wa Kiswahili hawezi kulipita. Maneno ya Wilson katika lugha yake mwenyewe ni mafupi, yamekatwakatwa, aghalabu hayana hata mtendaji. Ndivyo wasemavyo wawindaji na askari. Lakini mara baada ya Macomber kuanguka, Wilson anamgeukia mchukua bunduki na kumwamuru akamwite Abdulla aje ashuhudie jinsi ajali ilivyotokea. Kiingereza cha amri hiyo si kile cha Wilson wa siku zote. Ni Kiingereza kizima, chenye mpango, chenye uzito wa barazani, na ndani yake mna umbo la kitendo linalofanana kabisa na lile la Kiswahili lenye irabu *e* mwishoni: *aje*, *aone*, *ashuhudie*. Hapana shaka ya kuwa Hemingway amekusudia msomaji asikie lugha nyingine chini ya Kiingereza hiki. Mwandishi huyo ambaye hakupata kuwa mjuzi wa Kiswahili alikisikia vya kutosha kujua ya kuwa kina heshima yake, na ya kuwa kauli ya kumwita mtu ashuhudie haisemwi ovyo. Hilo ni jambo la kumpa sifa.

Walakini lazima kuuliza Abdulla anaitwa kwa nini. Hakuwapo. Wilson hamwiti ili aeleze alichoona, bali ili aone atakachoonyeshwa: maiti ilivyolala, bunduki ilipo. Neno *ajali* limekwisha kutiwa ndani ya amri kabla ya shahidi kufika. Akifika atakuta jina la jambo limekwisha kutolewa, na kazi yake ni kulitia muhuri. Katika Kiswahili jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa neno *ajali* kwa asili ni *ajal*, yaani siku iliyopangwa na Mungu, mwisho wa uhai usiokimbilika. Mswahili akisema mtu amekufa kwa ajali, ndani ya neno hilo hamna swali la nani mwenye kosa. Ikiwa Wilson kweli alilitumia neno hilo katika amri yake, na hakuna neno jingine la kawaida ambalo angalitumia, basi Kiswahili chenyewe kilimsaidia kuifunga kesi.

Mtetezi wa Hemingway aweza kusema ya kuwa hadithi inasimuliwa kwa macho ya wageni, na mgeni hawezi kuingia katika mawazo ya watu asiojua lugha yao. Jibu hilo lingalitosha kama hadithi ingalishika mpaka huo. Haikuushika. Msimulizi anaingia katika mawazo ya Macomber, ya Wilson, na kwa kitambo kidogo ya Margot. Kisha anafanya jambo ambalo wachambuzi wote wamelistaajabia: anaingia katika mawazo ya simba. Msomaji anaona kambi kwa macho ya simba, anasikia risasi ikipasua ubavu wake, anajua chuki yake alalapo katika majani marefu akingoja. Basi mwandishi huyu hakushindwa kuvuka mpaka wa lugha, kwa kuwa amevuka hata mpaka wa jinsi ya kiumbe. Simba amepewa moyo wa kufikiri. Kongoni, aliyesimama hatua chache toka kwa simba yule, aliyekwenda naye katika majani bila ya kukimbia, hakupewa. Maneno yake karibu yote humfikia msomaji yakiwa yamepita kinywani mwa Wilson, kama mkalimani ambaye ndiye mwenye kesi.

Wala haiwezi kusemwa ya kuwa Hemingway hakuwajua watu hawa. Alifika Mombasa mwezi wa Desemba 1933 pamoja na mkewe wa pili, Pauline Pfeiffer, na kiongozi wao akawa Philip Percival, mwindaji mashuhuri wa Kenya. Mwezi wa Januari 1934 aliugua kuhara damu, akachukuliwa kwa ndege toka Serengeti mpaka Nairobi kutibiwa. Toka safari hiyo ya ndege ndipo ilipozaliwa ile ndege ya mwisho katika *The Snows of Kilimanjaro*. Kitabu chake juu ya safari yenyewe, *Green Hills of Africa*, kilitoka mwaka 1935. Humo maneno ya Kiswahili yametapakaa kurasani, na humo mchukua bunduki aitwaye M'Cola ni mtu kamili: anacheka, anadharau, anasamehe, anakasirika bunduki isiposafishwa vema. Mwandishi anatamani kusifiwa na M'Cola kuliko kusifiwa na Wazungu wenziwe, na anakiri ya kuwa ilichukua muda mrefu kuipata heshima hiyo. Basi mwaka mmoja kabla ya kumwandika Kongoni, Hemingway alijua vizuri ya kuwa jicho la mchukua bunduki hupima. Alijua, akalitumia jicho hilo kumwaibisha Macomber. Kisha ilipofika saa ya kesi akalifumba.

*The Snows of Kilimanjaro* huonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. Humo Kiswahili si lugha ya ushahidi, bali ni lugha ya kuagizia kinywaji. Harry anamwita mtumishi wake Molo, na kitenzi *leta* kimeandikwa *letti*, kama kisikiwavyo katika Kisetla, kile Kiswahili cha mashambani na jikoni kilichovunjwa mifupa na mabwana wasiojali kujifunza. Hapana haja ya kudhani ya kuwa Hemingway alikosea tahajia. Yaelekea zaidi ya kuwa aliandika alivyosikia, na alivyosikia ndivyo Harry asemavyo. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa katika maneno, na ambaye hadithi inamlilia kwa maneno ambayo hatayaandika tena, anakufa akiwa na amri tu za lugha ya mtu aliye karibu naye kuliko wote. Mwandishi hakulisema hilo. Limo ndani ya tahajia.

Zaidi ya hayo yatazamwe maneno ya Harry mkewe anapomwuliza kwa nini balaa hii imewapata. Harry anajibu kwa kuhesabu sababu. Ya kwanza, alisahau kupaka aidini juu ya mkwaruzo. Ya pili, hakujali, kwa sababu vidonda vyake havikuwa na desturi ya kuoza. Ya tatu, dawa nyingine zilipokwisha alitumia dawa hafifu ambayo pengine iliidhuru mishipa midogo ya damu. Kisha, katika pumzi iyo hiyo, anasema ya kuwa kama wangaliajiri fundi mwema badala ya dereva wa Kikuyu asiyeiva katika kazi yake, angalipima mafuta ya lori, na beringi isingaliungua. Makosa haya mawili ni kosa moja. Mmoja alisahau tone la mafuta, mwingine alisahau tone la aidini. Chombo kilichoachwa kikavu kimeungua, na kidonda kilichoachwa wazi kimeoza. Lakini kosa la Harry limeitwa kusahau, la dereva limeitwa kwa kabila lake. Harry amepewa kurasa nyingi za kukumbuka Paris, vita, theluji za milimani na wanawake aliowapenda, ili msomaji afahamu mtu asahauye ni mtu wa namna gani. Dereva hakupewa hata jina.

Je, hadithi yenyewe inaiona dhuluma hiyo? Hapa mchambuzi anapaswa kuwa mwadilifu. Maneno ni ya Harry, si ya msimulizi, na Harry ni mtu ambaye katika hadithi nzima humlaumu kila mtu kabla ya kujilaumu: humlaumu mke kwa mali yake, humlaumu tajiri kwa anasa zake. Dereva ni mmoja tu katika safu ya wanaolaumiwa. Mpango wa sentensi, aidini kwanza na mafuta baadaye, unamfungulia msomaji njia ya kuona ya kuwa Harry anajihukumu mwenyewe bila ya kujua. Yawezekana sana ya kuwa Hemingway alikusudia hivyo. Lakini tofauti ni hii: mke anapolaumiwa yupo, naye anajibu, kwa kinywa chake msomaji anapata kujua ya kuwa Harry hana haki. Dereva hayupo, hajibu. Kinaya kinamkomboa mke tu, kwa kuwa yeye ana sauti.

Hata mlima wenyewe umeletwa kwa ushahidi wa mbali. Juu ya hadithi mwandishi ameweka maelezo mafupi ya Kilimanjaro, akitaja urefu wa futi 19,710, ambapo kipimo kinachokubaliwa leo ni mita 5,895, yaani karibu futi 19,340. Na akitaja jina la Kimasai la kilele cha magharibi, lenye maana ya nyumba ya Mungu, kwa tahajia ambayo leo ingaliandikwa *Enkaji Enkai*. Neno la Kimasai limepewa cheo cha utakatifu, na la Kiswahili cheo cha jikoni. Lakini Wamasai na Waswahili wenyewe, kama watu, hawakupewa neno la kusema juu ya chui aliyekutwa amekauka theluji­ni, ingawa mwandishi anasema hakuna aliyeeleza alitafuta nini huko juu.

Yafaa sasa kuweka mbele ya hadithi hizi mfano mwingine. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo wa habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, baadhi bara ya Afrika na baadhi mbali kama Urusi na Siberia. Wasimulizi wale hawakuwa waandishi wa kubuni, wala hawakushughulika na siri za ndoa. Bali walikuwa na adabu moja ya usimulizi: msafiri hutaja mahali alipolala, na mtu aliyempokea, na hongo aliyotozwa, na nani aliugua njiani. Safari kwao ni hesabu ya watu. Tippu Tip, katika *Maisha* yake, ambayo W. H. Whiteley aliyatoa upya pamoja na tafsiri katika jarida la kamati ya Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1950, ana desturi hiyohiyo, ijapokuwa wengi wa waliobeba mizigo yake nao hawakupata nafasi ya kusema. Basi haifai kudai ya kuwa upande mmoja ni wa haki na mwingine wa dhuluma. Lakini katika adabu ya habari za safari za Kiswahili, kumwacha bila jina dereva aliyekuwapo siku ya msiba kungalikuwa kasoro ya usimulizi, kabla ya kuwa kasoro ya utu.

Mambo haya yanaleta swali kwa wafasiri. Atakayezitia hadithi hizi katika Kiswahili atakutana na kazi ambayo mfasiri wa Kifaransa au Kijerumani hakukutana nayo. Wao waliweza kuyaacha maneno *bwana* na *memsahib* yalivyo, yakabaki kuwa mapambo ya ugeni. Katika Kiswahili mapambo hayo huanguka. *Bwana* litakuwa neno la kila siku, na msomaji atauliza mara moja: asemaye *bwana* ni nani, na kwa sauti gani? Wilson anapomkemea boi, mfasiri hana budi kuchagua Kiswahili chake: je, ni kile kilichovunjika cha Kisetla, au ni kile kizima kinachosikika katika amri ya kumwita Abdulla? Hadithi yatoa dalili ya kuwa Wilson ajua lugha vizuri, na ndiyo maana mkalimani wa kesi ni yeye. Harry, kinyume chake, asiachiwe kusema Kiswahili fasaha hata neno moja. *Letti* yake ihifadhiwe, maana kuisahihisha ni kufuta ushahidi. Na mazungumzo ya mume na mke, yaliyo katika Kiingereza, yatakuwa katika Kiswahili pia. Basi itafaa pawe na tofauti ya lafudhi ili msomaji ajue ni wakati gani Kongoni anafahamu na ni wakati gani hafahamu. Mfasiri akiikwepa kazi hii, Kongoni atakuwa bubu mara ya pili, na safari hii katika lugha yake mwenyewe.

Wenye kutengeneza filamu waliikwepa. *The Macomber Affair* ya Zoltan Korda, mwaka 1947, na *The Snows of Kilimanjaro* ya Henry King, mwaka 1952, zote zilimtumia mchezaji Gregory Peck, na zote zilielekeza kamera kwa wapenzi. Katika ile ya pili Harry hata hafi, anapona. Mauti yaliyokuwa kiini cha hadithi yaliondolewa ili watazamaji warudi nyumbani wameridhika.

Hemingway mwenyewe alirudi Afrika ya Mashariki mwaka 1953 pamoja na mkewe wa nne, Mary Welsh. Mwezi wa Januari 1954, katika matembezi ya ndege aliyompa mkewe kuwa zawadi, walianguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Walipookolewa, ndege ya pili iliyokuwa iwachukue toka Butiaba ikaungua ilipojaribu kuruka. Magazeti ya dunia yalikwisha kutangaza kifo chake, naye akapona akazisoma tanzia zake mwenyewe. Mwaka uo huo alipewa tuzo ya Nobel. Mtu aliyesoma habari ya kufa kwake alijifunza, bila shaka, jinsi ilivyo rahisi hukumu kuandikwa na watu ambao hawakuwapo.

Thamani ya hadithi hizi mbili haipungui kwa kuyasema haya. *The Short Happy Life of Francis Macomber* ingali hadithi ambayo ndani yake kila neno lina kazi, na sababu moja ya nguvu yake ni kwamba imeacha kesi wazi. Lakini kesi iliyoachwa wazi haina maana ya kesi isiyo na mashahidi. Wachambuzi wanaoendelea kuuliza kama Margot alikusudia wangalifanya vema kuanza mahali ambapo hadithi yenyewe imewaelekeza: kwa mzee Kongoni, ambaye hakushangilia siku Macomber alipoletwa kambini kwa shangwe, na kwa dereva, ambaye alikuwa karibu zaidi na bunduki ilipolia. Jibu lao halimo kurasani. Lakini msomaji ajuaye ya kuwa jibu hilo liko, na kwa nini halikutolewa, ataisoma hadithi nyingine iliyo nzito kuliko ile ya mume mwoga na mke mzuri.